Gari bovu limelala uani? Usimkabidhi mnunuzi wa skrepa kadi na pleti namba

Wadau wa Mhezi na Upare yote, hii inawahusu wenye pikapu au Land Rover ya zamani iliyokufa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani. Canter inapanda kutoka Same, jamaa ana mzani, mnapatana bei ya kilo, gari linakatwa, hela mkononi. Unaona mambo yameisha. Bado.

Kwenye kumbukumbu za TRA hiyo gari ipo na mwenyewe ni wewe. Wengi wamelisahau hili kwa sababu ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, madeni ya nyuma yakasamehewa, na badala yake zikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Hakuna anayekudai, kwa hiyo hukumbuki. Shida inakuja pale pleti zako zinapofungwa kwenye gari lingine. Faini za trafiki zinaandikwa kwa namba ya gari, na likigonga mtu au likikamatwa na magendo, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina kwenye kadi.

Sasa fanya hivi, na ufanye KABLA halijakatwa. Andika barua TRA kuomba gari lifutwe kwenye usajili, ueleze sababu. Peleka kadi halisi na pleti zote mbili. Polisi wa usalama barabarani walikague na kuandika ripoti, wakilinganisha namba ya chasisi na kadi. Chasisi ikishakuwa vipande juu ya Canter, watakagua nini?

Hapa ndipo wengi wanakwama: kadi ina jina la mtu mwingine. Kama ni la aliyekuuzia, anza na uhamisho wa umiliki. Kama ni la marehemu baba, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa kwa vile tu ni mkubwa. Malizeni hilo kwanza, msije mkafikishana mbali kwa ajili ya bodi yenye kutu.

Ukiuza injini peke yake, andikeni hati ya mauziano: namba ya injini, majina, namba za NIDA, sahihi na mashahidi. Akiifunga kwenye gari lake, itabidi abadilishe taarifa za kadi yake. Akibanwa hana karatasi, atakutaja wewe.

Na wewe unayenunua skrepa, leseni ya biashara ya halmashauri peke yake haitoshi. Kukusanya na kusafirisha chuma chakavu kunataka kibali cha mazingira, maombi yanapitia NEMC. Ukikuta bodi ya gari inauzwa na mwenyewe hana kadi wala barua ya TRA, achana nayo hata kama bei ni tamu.

Mwenye gari, ukishapata barua ya kufutwa, toa nakala mbili na uipige picha kwenye simu.