Saa zenye hakuna mutu anazipwente

Saa tisa ya usiku, telefone inalia mu nyumba moja ya kambi yetu. Kurani ilikatika, ikarudi, lakini ekrani zenye kuonyesha fasi kila kamyo iko mu shimo zimebaki nyeusi. Kamyo zimesimama, kapita anapiga kelele. Kijana wa enformatike anatoka ku kitanda, anafungua ordinatere yake juu ya meza ya chakula, na anatumika mpaka saa kumi na moja. Saa moja ya asubui yuko mu bisi ya kazi sawa siye wote. Pa mwisho wa mwezi, karatasi yake ya mushahara inaonyesha saa za kawaida tu. Zile saa mbili za usiku haziko.

Mimi ni delege wa sendika mu kampuni moja ya shaba na kobalti. Miaka mingi nilisikia wenzetu wa shimo wakisema: "Bale ba enformatike? Banakaa ku klimatizeri, mikono yabo haina vumbi. Tubasaidie juu ya nini?" Siwezi kuficha: na mimi nilikuwa nasema vile.

Siku moja muke wa mumoja wao akakuja ku biro ya sendika. Akaniambia: "Papa delege, bwana yangu iko ku nyumba, lakini haiko na siye. Mutoto alimuomba amufundishe hesabu mara tatu. Mara tatu telefone ikalia." Hakuomba feza. Aliniuliza neno moja tu: "Kazi yake inaishaka saa ngapi?" Nilikosa jibu.

Siye wa shimo, kazi yetu inatuvunja mugongo, lakini ina mwisho. Sirene inalia, kikosi kingine kinaingia, siye tunapanda bisi. Kazi ya enformatike haina sirene. Tena, sehemu yake kubwa inafanyika wakati wengine wamelala, juu ordinatere yenye watu wote wanatumia muchana, haiwezi kufungwa na kutengenezwa muchana. Wanangojea usiku, ao siku ya Mungu. Na kurani ikikatika, wao ndio wa kwanza kuitwa.

Sheria inasema nini? Kode ya Kazi ya inchi yetu, Sheria No 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, mu artikle 119, inasema mutu asitumike kupita saa 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku. Haichague kati ya mwenye pelu na mwenye ordinatere. Saa zenye kupita pale zinalipwa na nyongeza: 30% kwa saa sita za kwanza, 60% kwa zenye kufuata, na 100% kwa saa za siku ya mapumziko ya juma.

Tufanye hesabu. Mutu amemaliza saa zake 45. Mu juma lile lile wamemuita usiku mara tatu, na kila mara ametumika saa mbili. Ni saa 51. Zile sita zinastahili nyongeza ya 30%. Kama wamemuita na siku ya Mungu, saa za siku ile zinalipwa mara mbili. Sasa muzidishe na miezi kumi na miwili, mutaona ni feza gani inabakia mu kasa ya kampuni.

Wakubwa wana majibu mawili. La kwanza: "Huyu ni kadre." Wanamupa mutu jina kubwa, na jina lile linakula saa zake. La pili: sheria inahesabu saa tangu mutu anafika fasi ya kazi na kuwa mu mikono ya muajiri, nyumba yake si fasi ya kazi. Jibu letu ni hili: kama amri ni ya kampuni, na mashini ni ya kampuni, meza ya chakula imegeuka fasi ya kazi.

Na si siye tu tunawaza vile. Kule Ubelgiji, pompie mumoja wa muji wa Nivelles alipashwa kukaa karibu, juu wakimuita lazima afike mu dakika 8. Tarehe 21 Februari 2018, Tibinali ya Umoja wa Ulaya ilisema muda ule wa kungojea ku nyumba ni muda wa kazi. Kule Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, kampuni zenye watu 50 na zaidi zinapashwa kuzungumuza na sendika juu ya haki ya mutu ya kuzima telefone ya kazi wakati wa mapumziko.

Tena kuna afya. Mu 2021, OMS na shirika la kazi la ulimwengu, OIT, zilitangaza kama mutu mwenye kutumika saa 55 na zaidi kwa juma, hatari yake ya kupasuka ao kuziba mushipa wa kichwa inapita kwa 35% ile ya mwenye kutumika kati ya saa 35 na 40. Na siye wa shimo tunaguswa: yule kijana asiyelala ndiye anachunga ekrani za kamyo zetu na redio yenye tunaitia musaada. Akikosea juu ya usingizi, ni siye tuko chini.

Jambo lenye kunichoma zaidi ni hili: mashini ya kupwente, yenye kuhesabu saa zetu wote ku mulango, ni yeye anaitengeneza usiku. Inahesabu kila mutu, ila yeye wakati anaitengeneza.

Mu mukutano wetu, wamoja walikataa tuweke neno hili mu madai ya sendika. Nikauliza: "Nani hapa kapita hajamutafuta ku WhatsApp siku ya repo?" Mikono haikuinuka. Ugonjwa wa wale wa klimatizeri umekwisha kuingia mu mifuko yetu.

Basi, ndugu wa enformatike, anzeni na kaye na biki. Muandike kila simu: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nani aliita, kazi gani. Saa isiyoandikwa, hakuna enspektere wa kazi atailinda. Siye ma delege tutaomba mambo matatu: zamu ya usiku yenye kujulikana na kulipwa, saa za simu ziandikwe ku karatasi ya mushahara, na mwenye kuamshwa usiku apumzike asubui.

Yule mama sijamusahau. Siku tutatia sinyatire ku mapatano, nitaenda kwake mwenyewe kumuambia kazi ya bwana yake inaishaka saa ngapi.