Baba na Binti Msituni

Leo tuzungumze juu ya filamu moja ya Marekani iitwayo Leave No Trace, iliyotengenezwa na mama mmoja, Debra Granik, ikatolewa mwaka 2018. Maana ya jina hilo ni kupita mahali bila kuacha alama.

Will alikuwa askari, na vita havijamtoka moyoni. Usiku huota ndoto za kutisha. Anaishi na Tom, binti yake wa miaka 13, ndani ya Forest Park, msitu wa ekari zaidi ya 5,000 katika mji wa Portland. Hukinga maji ya mvua, huchuma uyoga, na hufanya mazoezi ya kujificha wasionekane. Fedha hutoka wapi? Baba hupewa dawa za kutuliza maradhi yake, naye huziuza.

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tulilelewa bila stima wala maji ya mfereji, na hatukuona ajabu. Lakini moto ulipozimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kaa. Will ameukimbia ujirani wenyewe.

Wala si hadithi tupu. Mwaka 2004 polisi walimkuta baba na binti yake katika msitu huo huo, wakiwa wamekaa humo miaka minne. Peter Rock aliandika riwaya kutokana na habari hiyo, nayo ikazaa filamu.

Katika filamu, mtu akimbiaye mazoezi anamwona Tom, na wote wawili wanakamatwa. Hawatendewi ukatili. Mtoto akipimwa masomo, aonekana amewapita wa umri wake! Wanapewa nyumba katika shamba la miti ya Krismasi, baba anapata kazi, wanakaribishwa hata kanisani. Tom anaanza kupenda. Baba hawezi, usingizi hauji chini ya paa. Basi anamtoa binti yake, wanaingia msitu mwingine wenye baridi kali. Huko baba anaumia mguu, na Tom anatafuta msaada kwa watu wasiomjua.

Watu hao wanaishi msituni ndani ya magari ya kukokotwa. Wanamtibu baba bila kuuliza mengi. Bibi mmoja mfuga nyuki anamfundisha Tom kukaa karibu na mzinga bila hofu. Baba akipona, anafunga mzigo tena. Safari hii binti anasimama njiani na kumweleza kwa upole kwamba yeye hana jeraha lile. Baba anaelewa. Hapo hapana mkosaji, na ndipo panapouma.

Katika kambi ile yuko mama ambaye hutundika mtini mfuko wa chakula kwa ajili ya mtu aishiye peke yake msituni. Hamwoni mtu huyo, lakini chakula huondolewa. Tom alikwisha kwenda naye kuutundika.