Mwalimu wa Kiswahili kutoka Nchi ya Chai: Lafudhi, Msamiati na Maisha ya Ugenini katika Asia ya Mashariki

Ufundishaji wa Kiswahili katika Asia ya Mashariki si jambo la jana. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa muongo lugha hii ikaingia katika vyuo vya Beijing. Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Osaka cha Lugha za Kigeni, ambacho mwaka 2007 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, kilijenga masomo ya Kiswahili kwa miaka mingi. Huko Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kilifungua idara yake katika miaka ya 1980. Katika mazungumzo juu ya maendeleo haya, vyuo na vitabu hutajwa sana. Mwalimu mwenyewe, yule anayepanda ndege na kwenda kukaa miaka miwili au mitatu kati ya watu wasiomjua, hutajwa kwa nadra.

Makala haya yanamtazama mwalimu wa namna moja tu: kijana aliyezaliwa na kulelewa katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikipsigis. Ameteuliwa kwa sababu yeye ndiye anayetiliwa shaka. Ipo dhana iliyoota mizizi kwamba anayestahili kupelekwa ng'ambo kufundisha Kiswahili ni mzawa wa Mombasa, Lamu au Unguja, na kwamba mtu wa bara akienda huenda kwa kukosekana mwingine. Dhana hii yafaa kupimwa, si kwa hisia bali kwa isimu na kwa hali halisi ya kazi.

Kwanza, ni Kiswahili gani anachokwenda nacho? Kilimo cha chai cha kibiashara kilishika mizizi Kericho katika miaka ya 1920, na mashamba makubwa yakavuta vibarua kutoka pande nyingi: Waluo, Wagusii, Waluhya na Wakipsigis wenyewe. Katika kambi za wafanyakazi na katika safu za michai, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Baadaye, Halmashauri ya Ustawi wa Chai ilipoundwa mwaka 1964 na wakulima wadogo wakapanda michai yao Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, msamiati ule ukahamia katika vituo vya kununulia majani: kilo, nyapara, bonasi. Juu ya hayo kikaja Kiswahili cha shule, ambacho kuanzia mfumo wa elimu wa mwaka 1985 kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Kijana huyu basi ana Kiswahili cha tabaka mbili, cha shambani na cha darasani, naye huvuka kutoka kimoja hadi kingine bila kufikiri.

Ama kuhusu lafudhi, hapa ndipo wanaomtilia shaka hupata hoja yao. Kikipsigis, kama lahaja nyingine za Kikalenjin, kina konsonanti chache. Vipasuo vyake ni vya safu moja tu. Ughuna hautofautishi maana. Sauti huwa si ghuna mwanzoni mwa neno, na hupata ughuna ikiwa kati ya irabu au baada ya nazali. Jina la Kipsigis lenyewe latosha kuwa mfano: k ya mwanzo na g ya katikati ni fonimu moja iliyovaa mavazi mawili. Vivyo hivyo katika neno la kushukuru, kongoi. Tena lugha hiyo haina f, v wala z; kikwamizo chake ni s. Kwa hiyo mzee wa Sotik ambaye hakupita shuleni huweza kutamka pata akikusudia bata, na piga akikusudia pika. Kijana aliyesoma ameyashinda matatizo haya, lakini ameyashinda kwa juhudi, na anakumbuka jinsi alivyoyashinda.

Sasa na atazamwe mwanafunzi wake huko Seoul. Kikorea kina safu tatu za vipasuo, jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza lakifanya kionekane mbali kabisa na Kikipsigis. Lakini katika safu hizo tatu hakuna hata moja iliyo ghuna mwanzoni mwa neno. Safu ya kawaida hupata ughuna pale tu inapokuwa kati ya irabu au baada ya nazali. Mji ambao kabla ya mwaka 2000 uliandikwa Taegu kwa herufi za Kirumi, na tangu hapo ukaandikwa Daegu, waonyesha shida hiyohiyo ya jina la Kipsigis: sauti ya mwanzo na ile ya katikati ni za safu moja, sikio la mgeni ndilo linalozitenga. Kikorea nacho hakina f, v wala z. Mwanafunzi wa Kikorea anayesoma sentensi "bibi apika chai" atakwama mahali palepale alipokwama mtoto wa Bureti katika darasa la kwanza: atapunguza ughuna mwanzoni mwa bibi, na atauongeza katikati ya apika.

Mzawa wa pwani atasikia kosa hilo mara moja na kulisahihisha. Bali kusahihisha si kufundisha. Yeye hakuwahi kutafuta tofauti ya pika na piga. Alizaliwa ndani yake. Mwalimu kutoka Bomet alifundishwa kuitafuta, neno kwa neno, na kwa hiyo anajua mazoezi yapi husaidia na yapi huchosha bure. Haifuati kwamba mzawa wa pwani hana nafasi. Katika ushairi, methali na ulumbi, na katika uhai wa lugha itumikayo nyumbani, hakuna wa kumshinda. Lakini kwa mwaka wa kwanza wa darasa la Kikorea, mwenye lugha ya kwanza ya Kikipsigis ana ujuzi ambao kitabu hakiutoi.

Kwa Wajapani mambo ni mengine. Irabu zao ni tano kama za Kiswahili na silabi zao nyingi ni wazi, hata msikilizaji hudhani wamezaliwa na matamshi mazuri; kisha huja l na r, ambazo kwao hazitengani, na kula hugeuka kura. Hapa Kikipsigis hakina msaada wa pekee, maana l na r ndani yake zatofautiana waziwazi. Nchini China mwalimu atakuta lugha ya toni, naye ametoka katika lugha ya toni; si ajabu akiona rahisi kidogo kujifunza salamu za sokoni kuliko mwenzake anayejua Kiswahili na Kiingereza tu.

Maisha ya kila siku nayo yana masomo yake. Mgeni huyu hushangaa kwanza kwa namna anavyoitwa. Katika Kiswahili neno Mwalimu hutosha peke yake kuwa wito wa heshima, bila jina kufuata. Japani ataitwa sensei, Korea seonsaengnim, na matumizi ni yaleyale. Maneno hayo mawili yana asili moja ya Kichina, na maana ya maandishi yake ni "aliyetangulia kuzaliwa". Huko China kwenyewe neno hilo sasa ni la kumwita bwana yeyote, na mwalimu huitwa laoshi. Kwa mtu aliyekulia chini ya ibinda, yaani mpangilio wa marika wa Wakipsigis, fikira kwamba heshima hufuata utangulizi wa kuzaliwa au wa kuingia haihitaji maelezo marefu. Mwanafunzi wa Kikorea humtambua aliyemtangulia chuoni hata kwa mwaka mmoja, na humchagulia maneno.

Lakini salamu ya shikamoo, ambayo wanafunzi huwa wameisoma katika vitabu vyao kabla hajafika, humtia katika mtihani. Huko Kericho mtu husema chamge, au hupeana mkono na kuuliza habari. Shikamoo huijua kwa kuisoma. Akidai kuwa Waswahili wote huitumia atakuwa amedanganya; akisema haitumiki atakuwa amekosea zaidi. Jibu lililo sahihi ni ramani.

Siku za mapumziko huja safari, na mtu wa nchi ya chai hawezi kuwa Osaka asipande treni kwenda Uji, karibu na Kyoto, au kuwa Korea asifike Boseong upande wa kusini. Atakuta vilima vya kijani vinavyomkumbusha nyumbani, kisha atagundua kwamba karibu kila kitu ni tofauti. Kericho, karibu na ikweta, majani mawili na chipukizi huchumwa mwaka mzima, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi. Uji mavuno yenye thamani ni ya majira ya kuchipua, na baadhi ya michai hufunikwa kwa majuma kadhaa ili isipigwe na jua. Kericho majani hunyaushwa, hukatwakatwa, huachwa yachachuke, kisha hukaushwa. Japani hupikwa kwa mvuke mara tu yakishachumwa, ili yasichachuke kabisa. Akirudi darasani na kuombwa aeleze tofauti hizo kwa Kiswahili, ataona kwamba kuchuma ana neno lake tangu utotoni, lakini hatua za kiwandani alizisikia kwa Kiingereza. Atalazimika kuzieleza kwa vitenzi vya jikoni na vya utengenezaji wa pombe.

Hata neno chai lina mtego. Asili yake ni cha ya Kichina, ambayo ilitufikia kupitia Uajemi na India, wakati Waingereza walipata yao kutoka lahaja za Fujian zisemazo te. Wakipsigis wameipokea chai na kuiongezea kiambishi-tamati cha wingi, ikawa chaiik. Ila chai iitwayo nyeusi katika Kiingereza, China, Japani na Korea huitwa nyekundu. Na mwanafunzi wa Kichina akiambiwa "chai nyeusi" atafikiria aina nyingine kabisa, ile inayovundikwa kwa muda mrefu. Chai ya rangi ya Kenya, wengine husema strungi, haitafsiriki kwa rangi. (Chai ya gazetini, ile anayopewa askari barabarani, nayo huhitaji kipindi chake.)

Swali gumu zaidi huulizwa huko Uji. Michai ya Japani kwa sehemu kubwa hukatwa kwa mashine, na hakuna anayeona ajabu. Mwanafunzi atauliza mashine hiyo huitwaje Kericho. Huitwa mashine tu. Lakini mwaka 2023 waandamanaji walizichoma moto baadhi ya mashine hizo mashambani, kwa kuwa zilichukua kazi ya mikono, na mwalimu aliyekulia huko anajua kwamba neno hilo fupi, likitamkwa na mchumaji mbele ya mizani, halina maana ile iliyo katika kamusi.