Sigiri Inaponuka, na Inaponyamaza



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaandikia habari za mishahara, likizo na barua za kuachishwa kazi. Safari hii tunaandika habari ya jiko. Msicheke. Mtu anayeingia zamu ya asubuhi huku kichwa kinamgonga hafai kusimama karibu na mashine, na kichwa tunachokisema hapa hakikuumizwa na kiwanda. Kiliumia nyumbani, usiku, mlango umefungwa.

Mambo yalianzia Mwello, huku kwetu kati ya Tororo na Busia, wakati wa mvua nyingi. Mwenzetu mmoja, mpakiaji wa mifuko ya saruji, alitujia akilalamika kwamba sigiri yake mpya inanuka harufu asiyoijua. (Ndugu wa upande wa Kenya wasome "jiko", ni kitu kile kile.) Jirani alikuwa ameshaanza kusema kuna mtu ametia dawa ndani ya makaa, na mwenzetu alikuwa anataka kumpeleka muuza makaa kwa mwenyekiti wa kijiji. Tukamwambia angoje kidogo. Tulikwenda watu wawili kutoka kamati ya tawi.

Mama wa nyumba alituwekea viti nje. "Karibuni, wazee," alisema. "Mimi sisemi kitu. Nuseni wenyewe."

Tukanusa. Kumbe harufu haikuwa moja, zilikuwa tatu zimepandana.

Ya kwanza ilikuwa ya rangi na mafuta yanayoungua. Sigiri hizi zenye kiuno na udongo ndani zilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi walipochukua mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand na kuugeuza ufae sufuria zetu. Ni kitu kizuri, kinapunguza makaa. Lakini bati lake mara nyingi hukatwa kwenye mapipa ya zamani, na pipa huja na rangi yake, na mabaki ya kile kilichokuwa ndani. Ukiliwasha mara ya kwanza, vyote vinaungua. Udongo nao ukiwa bado una maji hutoa harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na ukipewa moto mkali ghafla hupasuka. Dawa yake ni kuiwasha sigiri mpya nje, bila sufuria, kwa moto mdogo kwanza, mara mbili au tatu mpaka harufu iishe. Isipoisha baada ya siku kadhaa, muulize fundi pipa lile lilibeba nini. Kama lilibeba dawa ya shamba, mrudishie.

Harufu ya pili ilikuwa moshi mchungu unaotoa machozi. Hiyo ilitoka kwenye makaa. Makaa ya miti yamekuwa ghali, na mwaka 2023 serikali ya Uganda ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka wilaya za kaskazini, kwa hiyo wengi wetu tunatafuta kitu kingine. Mwenzetu alikuwa ananunua makaa ya vumbi yaliyofinyangwa kwa mkono. Makaa hayo hushikwa na uji wa muhogo, molasesi au udongo, na yakiuzwa kabla hayajakauka huvunda, hutoa moshi, na yale ya molasesi hunuka sukari iliyoungua. Tulivunja moja: katikati lilikuwa bado na unyevu. Tulivunja jingine tukakuta vipande vya kahawia ambavyo havikupata kuwa makaa, ni mti tu uliobabuka. Muuzaji hakutia dawa yoyote. Alikuwa na haraka, na mvua haikumpa jua. Yaanike juu ya bati siku mbili tatu, uyahifadhi mahali pakavu, na kahawia uitoe.

Mtu akikuletea jiko la vidonge, vile vipande vidogo vya maganda ya mpunga, unga wa mbao au makapi ya miwa vilivyokamuliwa kwa mashine, sheria ni hiyo hiyo ya ukavu. Kidonge kilicholowa huvimba, hurudi kuwa unga, kisha kinafuka badala ya kuwaka. Huko Ulaya na Marekani majiko ya namna hiyo yana feni ya umeme na bomba la kutolea moshi nje. Watu wa kule wakisikia harufu ya moshi sebuleni huzima jiko kwanza, halafu huangalia kama bomba limeziba kwa masizi au mpira wa mlango wa jiko umechakaa. Yetu huku hayana bomba. Bomba letu ni mlango.

Harufu ya tatu ndiyo iliyotutia aibu kidogo, maana ilitoka kazini. Ilikuwa kama ya mshumaa uliozimwa. Tukamwuliza mama, "Unawasha na nini?" Akatuonyesha rundo la vipande vya mifuko ya saruji iliyochanika, ile ya kusokotwa kwa plastiki, ambayo mume wake huileta nyumbani. Inawaka haraka, kweli. Lakini plastiki ya namna hiyo ikiungua hunuka mshumaa, na moshi wake unaingia kifuani na kwenye chakula. Vipande vya bomba la maji au ngozi ya waya wa umeme ni vibaya zaidi, vinachoma pua na koo kama asidi. Na ninyi wa mashamba ya miwa, mifuko na chupa za dawa ya magugu msiziwashie moto kamwe, hata ziwe tupu, hata zioshwe. Tumieni maganda makavu ya mahindi, karatasi, vijiti.

Kuni za nguzo za umeme zilizoanguka nazo tuzitaje. Nguzo nyingine zimelowekwa dawa yenye aseniki ili mchwa wasizile, nazo huwa na rangi ya kijani kijani. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu, na pua inaweza isikuambie lolote.

Basi, sigiri ilichomwa nje, makaa yakaanikwa, mifuko ikaachwa. Baada ya siku tatu hapakuwa na harufu. Mwenzetu alikuja ofisini akacheka, akasema tumemwokoa na kesi. Tukafurahi sana, tukajiona mafundi.

Wiki iliyofuata hakuonekana kazini.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Kwa kuwa sigiri ilikuwa hainuki tena, waliiingiza ndani iwapashe joto, makaa yakiwa mekundu kabisa, wakafunga mlango na kuziba chini yake kwa gunia ili maji yasiingie. Chumba hicho hakina dirisha. Walilala watu watano. Alfajiri jirani alibisha hodi kuomba moto, akajibiwa kwa sauti isiyoeleweka, akasukuma mlango. Mama alikuwa anatapika, watoto wawili hawawezi kusimama, baba anasema ni malaria. Jirani aliwatoa wote nje mmoja mmoja, wakapelekwa kituo cha afya. Wamepona, wote watano.

Sisi hatukulala vizuri usiku ule. Tulikuwa tumewaondolea harufu, na hatukusema neno juu ya hewa isiyokuwa na harufu.

Makaa yanapowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile ilichopaswa kubeba. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inakosa nguvu, usingizi unamchukua. Aliyekwisha lala hata hizo dalili hazioni. Wajawazito na watoto wadogo huumia mapema.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi, sumu imekwisha. Si kweli. Moshi umekwisha, sumu ingali inatoka, na sigiri iliyofunikwa majivu usiku bado inaitoa. Ule moto mwembamba wa buluu unaouona juu ya makaa ni hewa hiyo hiyo inaungua. Ile isiyoungua inabaki chumbani. Wengine huweka beseni la maji karibu na sigiri. Maji hayaizuii.

Wenzetu wanaotumia mitungi ya gesi wamepata bahati moja. Gesi hiyo kwa asili karibu haina harufu. Ule uvundo wake hutiwa makusudi kiwandani ili ikivuja ujue. Jambo hilo lilitiliwa mkazo baada ya shule moja huko New London, Texas, kulipuka mwaka 1937 kwa gesi isiyonusika na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto. Ukiisikia harufu hiyo, usiguse swichi wala kibiriti. Funga mtungi, fungua milango, toka nje, maana gesi hii ni nzito, hutambaa sakafuni. Lakini makaa hakuna anayeyatilia harufu.

Namna ya kuitofautisha na malaria ni hii: wakiumwa kichwa watu wa nyumba nzima kwa pamoja, mwili hauna joto kali, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku sigiri. Wote watoke kwenye hewa, kisha waende kituo cha afya hata kama wanasema wamepona, na mhudumu aambiwe wazi kwamba walilala na makaa.

Kuna jambo la kudai pia. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba inayofaa au fedha ya kutosha kwa kodi, isipokuwa pale mkataba umekwisha kuiingiza kodi ndani ya mshahara. Chumba kisicho na tundu la hewa, ambamo watu watano wanapika na kulala, sisi hatukiiti nyumba inayofaa. Matawi yenye wanachama wanaokaa kwenye laini za kampuni yahesabu vyumba visivyo na matundu, chumba kwa chumba, na kuvipeleka mezani pamoja na madai ya mishahara. Matundu yawe juu, kwenye kuta mbili zinazoelekeana, yenye wavu wa mbu ili watu wasiyazibe kwa matambara. Jiko la nje lenye paa ni bora kuliko yote hayo.

Mwello ile nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo tulizungumza na mwenye nyumba. Alisema ukuta utaharibika. Tukaleta fundi mwashi, mwanachama wetu, akatoboa na kuweka matofali ya matundu pande mbili kwa nusu siku, na ukuta umesimama. Sigiri sasa iko nje chini ya kibanda cha mabati matatu. Mama anadai mabati mawili zaidi, ya upande mvua inakotokea, na kamati bado inayatafuta.