Kuyumbisha: Neno Linalomtaka Mtendaji

Aghalabu kitenzi yumba husemwa kwa chombo kilalacho upande huu na upande huu mawimbi yakipigapo. Bali kikishatiwa kauli ya kutendesha, kikawa yumbisha, humwingiza mtu ambaye yumba peke yake haimhitaji. Nchi yaweza kuyumba kwa ukame, kwa bei au kwa mauti ya kiongozi wake, wala asipatikane wa kulaumiwa. Lakini asemaye kwamba imeyumbishwa ametuhumu, na tuhuma yadai ithibati. Kutikisa ni tendo la ghafula ambalo huenda likapita bila athari. Kuyumbisha ni kukiondolea kitu uthabiti wake, kikabaki kimesimama na hali hakiaminiki tena.

Tofauti ya kuyumba na kuyumbishwa yaonekana vyema katika Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire zamani hizo. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC, kundi la waasi wa Kizaire, waliotoka Angola waliuteka, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaanza kuteremshwa. Rais Mobutu aliwashutumu wageni, Kuba na Umoja wa Kisovieti, kwamba ndio wayumbishaji wa Zaire. Kwamba wapiganaji wale waliyumbisha, na raia wengi wakauawa, hilo sina shaka nalo. Lakini bei ya shaba ilikuwa imeporomoka tangu 1974, pato la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambalo ndilo lililoilisha hazina, likapungua, madeni yakazidi: nchi ilikuwa yayumba kabla ya risasi ya kwanza, na shutuma ile ilisema nusu ya kweli.

Mfano wa pili ni wa ardhi yenyewe. Katika mtaa wa Kasulo, mjini humo humo Kolwezi, madini ya kobalti yalipogunduliwa mnamo 2014, watu walichimba mashimo ndani ya vyumba vya kulala, chini ya maturubai, wakashuka wima kwa kamba, kisha wakaufuata mkondo wa madini kwa njia za mlalo zilizopita chini ya nyumba za majirani. Ukuta wa jirani asiyeshika sururu hata siku moja waweza kupata ufa kwa sababu hiyo. Hapo kuyumbishwa ni neno la haki kabisa, kwani mkono uliochimba wajulikana, na njaa iliyousukuma, japo yastahili huruma yetu yote, ni sababu tu, si mtendaji. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta kwa idhini ya serikali ya jimbo, na wakazi wake wakahamishwa.