Kabla ya Kulipia Kikao cha Kwanza Kakamega

Mji wa Kakamega una wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mawakili, madaktari, walimu wakuu na mameneja wa benki. Wengi wao humwendea mshauri nasaha wakiwa wamechelewa, kwa kuwa kazini hakujaharibika kitu. Karo inalipwa, na wazazi kijijini wanatumiwa pesa. Kilichoharibika ni usingizi, na uvumilivu kwa watoto. Ikiwa ndiye wewe, umefanya vyema kutafuta msaada. Sasa piga hesabu.

Njia ya bei nafuu ni hospitali ya umma. Ada yake ni ndogo, ila utalipa kwa foleni, na mara nyingi huchagui wa kuzungumza naye. Kwa mwalimu mkuu kuna gharama nyingine: kukaa kwenye benchi moja na mzazi wa mwanafunzi wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini sheria haifichi uso wa mtu mjini ambako watu wanajuana.

Ndiyo maana wengi hukimbilia Kisumu, kilomita kama 50. Wanapata faragha, lakini kikao cha saa moja kinakula nusu siku pamoja na nauli, na mtu mwenye shughuli nyingi huanza kukikosa. Kwake naona simu ya video ni bora, mradi apate chumba chenye mlango unaofungika. Gari lililoegeshwa mahali patulivu pia linatosha.

Bima nayo iulizwe mapema: je, inalipia ushauri nasaha bila kulazwa, vikao vingapi, na lazima daktari aandike rufaa? Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya serikali, SHA, tangu Oktoba 2024, kwa hiyo ana haki ya kuuliza hospitalini anachogharimiwa kabla ya kutoa pesa taslimu.

Popote uendako, uliza usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, na aliyesajiliwa hatakasirika kuulizwa. Mchungaji wako anaweza kukuombea na kukusikiliza bure, na hilo lina thamani yake, lakini si kazi ileile.

Kikao cha kwanza huwa cha maswali zaidi. Waliozoea kufaulu huja na orodha, wakisimulia maisha yao kwa ufasaha kama wako kwenye mahojiano ya kazi, wakitaka jibu kabla ya kutoka. Halitoki siku hiyo. Tiba inayolenga fikra na mienendo kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, mara nyingi kimoja kwa wiki. Usipoona unasikilizwa kufikia kikao cha tatu au cha nne, mwambie mshauri waziwazi. Kisha, ikibidi, badilisha.

Tuseme umetenga shilingi 24,000. Kwa 8,000 kwa kikao unamwona bingwa wa Nairobi mara tatu. Kwa 3,000 unamwona mshauri aliyesajiliwa mara nane. Chagua mara nane, hata kama jina la bingwa linakuvutia.

Na ukifika mahali pa kuwaza kujiua, usingoje miadi. Piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo.