Ndege za kivita za rimoti: ijenge West Bay, irushe kwengine

Kwa familia zetu zilizopo Doha, tarehe 18 Disemba, Siku ya Taifa ya Qatar, ni siku ya kuwatoa watoto kwenda Corniche. Gwaride linapofanyika, ndege za kivita hupita juu ya ghuba mbele ya majengo ya West Bay: Rafale, Typhoon na F-15QA. Mtoto akirudi nyumbani anataka ya kwake, tena inayoruka kweli. Na siku hizi inapatikana. Unaiagiza kwa simu, inakuja ndani ya boksi pamoja na rimoti yake. Wazee wengi huidhania ni kitu cha kuchezea tu. Sivyo. Ni ndege ndogo inayoruka kwa kanuni zile zile za ndege kubwa, na inaweza kumuumiza mtu.

Ndani yake mna nini

Rimoti hutuma amri kwa mawimbi ya redio, na ndani ya ndege mna kifaa cha kuzipokea. Amri moja huenda kwenye mota inayozungusha pangaboi. Nyengine huenda kwenye mota ndogo ndogo ziitwazo servo, ambazo huvuta waya na kupinda vibao vya kwenye mabawa na mkia. Kibao cha mkia kilicholala hupandisha na kushusha pua, kilichosimama huigeuza pua kushoto na kulia, na vile vya mabawani huilaza ndege ubavu. Hayo manne, yaani mota na vibao vya aina tatu, ndiyo msingi wa kila kitu.

Mwili huwa wa povu gumu, ambalo hugandishwa kwa gundi siku moja au mbili, au wa mbao nyepesi za balsa, ambazo huchukua wiki nyingi mezani. Kwa vyovyote vile, usirushe kabla ya kupima mizani. Ishike ndege chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili, pale kitabu chake kinapoelekeza. Mara nyingi ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka mbele. Ikiinama kidogo kwa puani, ni sawa. Ikiinama kwa mkiani, sogeza betri mbele, kwani ndege yenye mkia mzito haishikiki hewani.

Kwa nini ya kivita ni ngumu

Ndege ya kujifunzia ina mabawa mapana yaliyokaa juu ya mwili. Ukiachia rimoti, hujiweka sawa wenyewe. Ndege ya kivita imebuniwa kugeuka haraka. Ukiilaza ubavu hubaki ubavu mpaka wewe uirudishe. Mara nyingi ni nzito kwa kulinganisha na mabawa yake, kwa hivyo ukiipunguza mwendo sana bawa moja hupoteza nguvu za kuinyanyua na ndege hudondoka kwa upande huo. Zaidi ya hayo, ikikujia usoni kushoto kwake huwa kulia kwako, na mikono huchanganyikiwa.

Njia ya salama ni ngazi tatu: kwanza programu ya mazoezi kwenye kompyuta, ambako kuanguka hakugharimu kitu; kisha ndege ya kujifunzia; mwisho ndiyo Spitfire au Mustang.

Ndege yenye historia yetu

Kwa nyumba ya Kiomani ipo ndege moja inayostahiki kujengwa: Strikemaster. Tarehe 19 Julai 1972, ndege hizi ziliruka kutoka Salala chini ya mawingu mazito ya kharifu kwenda kuwasaidia waliozingirwa Mirbat, Dhofar. Ndiyo miaka ile ambayo jamaa zetu wengi walikuwa wakirudi Oman kutoka Zanzibar na bara, wakati kiwanja cha ndege cha Maskati kilikuwa bado Bait al Falaj, kabla ya kile cha Seeb kufunguliwa mwaka 1973. Strikemaster ilitokana na ndege ya kufundishia marubani, ndiyo maana ina viti viwili ubavu kwa ubavu na mabawa yaliyonyooka. Mabawa yake ni kama mita 11.2 kutoka ncha hadi ncha. Ukiijenga kwa moja ya nane unapata mita 1.4, inayoenea juu ya meza ya kulia. Mtoto anapoigandisha, aelezwe pia kwamba vita vile viliua Waomani wa pande zote mbili.

Betri

Hatari ya ndani ya nyumba ni betri ya lithiamu. Kila seli ikijaa huwa volti 4.2, na isiachwe kushuka chini ya 3. Ichajiwe juu ya marumaru, si juu ya zulia, na mtu awepo. Ikivimba, isichajiwe tena. Isiachwe ndani ya gari wakati wa joto. Ukisafiri kwenda Maskati au Zanzibar, ichukue mkononi, si kwenye mizigo ya chini. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni wati-saa 100. Betri ya volti 11.1 na ampea-saa 2.2 ina kama 24 tu.

Wapi irushwe

Si West Bay. Upepo ukigonga minara kama Burj Doha, wenye mita 238, huzunguka na kuitupa ndege ndogo usikotarajia. Chini kuna watu na magari, na ng'ambo ya ghuba kuna kiwanja cha Hamad. Kisha kuna sheria: kurusha kunahitaji idhini, na mwenye kusimamia ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Qatar. Tusisahau pia jioni ya tarehe 23 Juni 2025, anga lilipofungwa na makombora ya Iran yakaelekezwa Al Udeid. Katika mji uliopitia hayo, umbo la ndege ya kivita baina ya majengo halitaonekana kuwa ni mchezo, na kwa anayeishi kwa ikama si jambo la kujaribu.

Wengine husema, basi twende jangwani. Jangwani hakuna watu, lakini anga lina wenyewe. Ulizia kabla ya kununua, pata idhini kwa maandishi, na jiunge na wazoefu wenye uwanja unaotambulika. Miezi ya joto ijenge ndani na ufanye mazoezi kwenye kompyuta. Ukifika msimu wa baridi, toka asubuhi, kabla shamali haijaamka.